Mutu wa Njia Nyingi, Je, Anapotea?



Katika namba iliyopita ya gazeti letu hili, mwenzetu mumoja wa mwaka wa sita aliandika maneno yaliyonikaa rohoni. Alisema kwamba kijana anayependa muziki sharti achague njia moja tangu mwanzo: ao nyimbo za kanisa, ao muziki wa karatasi wa Wazungu, ao gitari na rumba. Yule anayegusa yote, alisema, ni kama mulimaji mwenye mashamba sita: majani yanamushinda, na siku ya mavuno hana hata kikapo kimoja. Akamaliza na ile methali ya wazee, mshika mbili moja humponyoka. Gazeti liliposomwa katika klasi, wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga. Leo naomba ruhusa ya kumujibu, tena kwa heshima, maana yeye ni yaya yangu katika masomo. Na sitamujibu kwa maneno matupu. Nitamujibu kwa maisha ya mutu mumoja.

Mutu huyu ni Frederic Rzewski, mutungaji wa muziki na mupigaji wa piano. Jina lake ni la Kipolandi, na ulimi wetu unalikataa; mwalimu wetu wa muziki alitufundisha kulitamka karibu na «Jefski», na ile j ya Wafaransa. Alizaliwa Westfield, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, tarehe 13 Aprili 1938. Alikufa Italia tarehe 26 Juni 2021, akiwa na miaka 83.

Siku moja mwalimu alitusikilizisha kipande cha muziki wake kwa simu yake, nasi tukakusanyika kuizunguka meza. Mwanzo tulisikia wimbo muzuri, wa nguvu, unaoweza kuimbwa na mutu yeyote. Kiisha vidole vikaanza kukimbia huku na huku, wimbo ukavunjika vipande vipande, tukasikia mulio kama kifuniko kinapigwa kwa nguvu, na mutu anapiga mbinja. Mumoja wetu akacheka: «Huyu papa iko anavunja piano ya watu!» Wote tukacheka. Lakini mwalimu hakuzima. Na mwishoni, nyuma ya dakika nyingi, wimbo ule wa kwanza ukarudi mzima, mupana kuliko mwanzo. Hakuna aliyecheka tena. Kesho yake asubuhi, pale kwenye bomba la maji, nilimusikia yule yule aliyecheka anaupiga kwa mbinja huku anajaza ndoo yake. Nikajua kwamba kuna neno la kutafuta hapa.

Basi tuangalie njia za mutu huyu, moja moja, ili tujue kama alipotea.

Njia ya kwanza ilikuwa ya masomo makubwa. Alianza piano angali mutoto mudogo, akasoma Harvard, kiisha Princeton. Hizo ni universite ambazo vijana wengi wa Marekani wanaziota bila kuziona. Mwaka 1960 alikwenda Italia kusoma kwa Luigi Dallapiccola, mutungaji mwenye sifa. Mwaka 1962, katika muji wa Palermo, yeye njo alipiga kwa mara ya kwanza mbele ya watu kipande cha kumi cha piano cha Mujerumani Karlheinz Stockhausen. Kipande hiki ni kigumu vibaya: mupigaji anapiga noti nyingi pamoja kwa kiganja na kwa mukono mzima, tena anazitelezesha, hata wapigaji wengine wanavaa glavu zisizo na ncha za vidole ili ngozi isichunike. Mutu wa miaka 24 aliyefanya hivyo angeweza kukaa palepale maisha yake yote na kula sifa. Yeye hakukaa.

Njia ya pili: mwaka 1966, katika muji wa Roma, alianzisha na wenzake Alvin Curran na Richard Teitelbaum kikundi kinachoitwa Musica Elettronica Viva. Hapo hapakuwa tena na karatasi. Walipiga kwa kuwaza palepale, kwa vyombo vya umeme na vitu vya nyumbani. Rzewski mwenyewe alikuwa na kioo cha kawaida kilichofungwa nyaya, sauti yake ikikuzwa kwa mashine. Mara nyingine waliwaita hata wasikilizaji waje wapige pamoja nao. Ndiyo, yule wa Harvard, anapiga kioo cha dirisha pamoja na watu wa njiani!

Kwa wakati ule aliandika pia muziki wa chumba. Nieleze kidogo. Kuna muziki wa orkestra kubwa yenye watu makumi na makumi. Na kuna muziki ambao wapigaji wake ni wawili, wane ao wanane tu, kila mumoja na sauti yake, mara nyingi bila muongozi wa kusimama mbele na fimbo. Huo unaitwa muziki wa chumba, kwa kuwa zamani ulipigwa katika vyumba vya nyumba za wakubwa. Ndani yake hakuna pa kujificha: ukikosea, mwenzako anasikia, ukinyamaza, nafasi yako inabaki wazi.

Katika muziki wa namna hii Rzewski alitunga mwaka 1969 kipande kinachoitwa «Les Moutons de Panurge», maana yake kondoo wa Panurge, hadithi ya Kifaransa ya kondoo wanaofuatana mpaka kuanguka baharini. Kuna mustari mumoja wa noti 65. Wote wanapiga noti ya kwanza. Kiisha ya kwanza na ya pili. Kiisha ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hivyo hivyo mpaka mwisho, nyuma wanapunguza kutoka mwanzo. Mupigaji akili zake zinachoka, anapotea. Na hapa njo ajabu: mutungaji aliagiza kwamba aliyepotea abaki amepotea, aendelee kupiga, asitafute kuwarudilia wenzake. Kwa hiyo kundi linalotembea kama kondoo linageuka kuwa watu, kila mumoja na sauti yake. Hata wasiojua muziki wamepewa nafasi ya kutoa sauti zao. Wanafunzi wenzangu, sisi ambao tukikosea noti moja katika korali tunafunga kinywa mpaka wimbo uishe, neno hili si dogo.

Njia ya tatu: alirudi Marekani, akakaa New York. Mwezi wa Septemba 1971 wafungwa wa gereza la Attica, katika jimbo la New York, waliasi, wakidai watendewe kama watu. Siku ya tarehe 13 serikali ilirudisha gereza kwa bunduki. Kwa jumla watu 43 walikufa katika mambo yale, wafungwa na wafanyakazi wa gereza. Mumoja wao alikuwa Sam Melville, mufungwa aliyehukumiwa kwa sababu ya mabomu aliyotega. Miezi michache mbele ya kufa alikuwa ameandika barua kuhusu siku zake gerezani. Rzewski akachukua barua hii, akaitungia «Coming Together»: mutu mumoja anasoma maneno ya barua, anayarudilia, anaongeza kidogo kidogo, na chini yake mustari wa noti nzito unakimbia bila kupumua hata mara moja, na vyombo vingine vinaingia na kutoka. Hesabu ya vyombo haikupangwa. Mulio nao, pigeni nao.

Najua kuna atakayesema: «Sasa, mutega mabomu njo wa kuimbiwa?» Swali ni la haki. Lakini muziki huu hausemi kwamba mutu huyu alikuwa mwema. Unatufanya tukae naye ndani ya siku zake zisizoisha, mpaka tujue kwamba mufungwa naye anahesabu saa. Kumusikiliza mutu si kumusifu.

Njia ya nne njo ile iliyotufanya tucheke na kisha tunyamaze. Mwaka 1973, huko Chile, Sergio Ortega pamoja na kundi la Quilapayún walitunga wimbo ambao jina lake linasema kwamba watu wakiungana hawatashindwa kamwe. Tarehe 11 Septemba mwaka ule ule askari walimupindua rais Salvador Allende. Watu wengi wa Chile walikimbia inchi yao, na wimbo ukakimbia nao. Mwaka 1975 Rzewski akauchukua, akauandikia namna 36 za kuugeuza kwa piano moja, kazi ya karibu saa nzima. Aliyeipiga mara ya kwanza ni Ursula Oppens, mwezi wa Februari 1976, katika muji wa Washington.

Angalieni ginsi alivyoipanga. Zile 36 ni makundi sita, kila kundi lina sita. Katika kila kundi, ya sita inawakusanya wale watano waliotangulia. Na kundi la mwisho linayakusanya makundi yote. Ndani yake kuna Bach na Beethoven, kuna muziki mugumu wa siku zetu, kuna harufu ya jazi na nyimbo za Amerika ya Kusini, kuna nyimbo za wafanyakazi wa Italia na Ujerumani. Mupigaji anapiga mbinja, anapiga kifuniko cha piano, anaweza kulia kwa sauti. Karibu na mwisho anapewa ruhusa ya kupiga ya kwake, bila karatasi. Ni kusema, ile Harvard, ile Palermo, kile kioo cha Roma, vyote vimo! Yaya, haya njo mashamba sita unayoyasema. Lakini ona, yote yameleta mavuno yao katika ghala moja.

Njia ya tano ilikuwa ya ualimu. Tangu mwaka 1977 mpaka 2003 alifundisha utungaji katika Konservatwari ya Kifalme ya Liège, kule Ubelgiji. Neno hili nawaambia hasa wale wanaofikiri kwamba mupigaji anakula makofi. Makofi hayaliwi. Mutu huyu mwenye jina kubwa alipata mukate wake kwa kukaa mbele ya wanafunzi, kama walimu wetu wanavyokaa mbele yetu.

Na hata hapo hakuacha kutembea. Mwaka 1978 na 1979 alitunga vipande vine vya piano juu ya nyimbo za watu wa Marekani. Kimoja ni «Down by the Riverside», wimbo wa dini wa watu weusi, wa kuweka silaha chini na kuacha vita. Kingine ni cha wafanyakazi wa kiwanda cha pamba huko Winnsboro: mupigaji anagonga noti nzito kwa mikono mpaka unasikia mashine yenyewe inazunguka, na kutoka katika kelele ile wimbo wa huzuni unatokea polepole, kama mutu anayetoka katika vumbi. Babu zetu waliolimishwa pamba kwa nguvu wakati wa Wabelgiji wangeelewa kipande kile bila kuelezwa.

Mwaka 1992 alitunga «De Profundis», jina ambalo ni mwanzo wa Zaburi ya 130 kwa Kilatini, kilio cha mutu aliye katika shimo refu. Maneno yake ni ya barua ya Oscar Wilde, mwandishi aliyefungwa Uingereza, aliyoiandika gerezani mwaka 1897. Mupigaji ni peke yake: anapiga piano na huku anasema barua, anaimba, anavuta pumzi, anajipiga mwilini na kugonga mbao za piano. Mutu mumoja amekuwa kikundi kizima. Na toka mwaka 1995 mpaka 2003 aliandika «The Road», njia, kazi ya piano ya karibu saa kumi. Kwa mutu aliyepita njia nyingi, jina hili linafaa.

Sasa nirudi kwa neno letu. Je, alipotea?

Mimi nasema hapana, na sababu zangu ni mbili.

Ya kwanza: mbele ya kwenda huku na huku, alishika kitu kimoja sawasawa, nacho ni piano. Vidole vyake vilikuwa vimefundishwa kweli. Kwa hiyo hapa nampa yaya yangu haki yake nusu: mutu asiyeshika hata kimoja, anayegusa gitari juma hili na kinanda juma lile, na solfeji hajui, huyo anapotea kweli, na methali inamuhusu. Lakini muti wenye muzizi mumoja wa chini sana unaweza kuwa na matawi mengi. Shida si matawi, shida ni kukosa muzizi.

Ya pili: katika njia zote alibeba swali moja tu. Sauti ya nani inasikiwa, na sauti ya nani imefungiwa nje? Ukilisikia swali hili, mambo yake yote yanashikana. Wasikilizaji wa Roma walioitwa kupiga, wafungwa wa Attica, wakimbizi wa Chile, wafanyakazi wa pamba, Wilde katika chumba chake cha gereza, hata yule mupigaji aliyepotea kati ya noti 65: wote ni watu waliokuwa nje ya mulango, naye anawafungulia. Alibadilisha namna ya muziki kwa kuwa watu aliowafungulia hawakufanana. Huwezi kumufungulia kila mutu kwa ufunguo mumoja.

Lakini sitaki kumufanya malaika. Kuna neno juu yake ambalo mimi mwenyewe linanisumbua. Aliimba juu ya watu wa chini, na wanaokaa katika zile sale za Washington kusikiliza ni wenye koti na tiketi ya bei. Tena kazi yake juu ya wimbo wa Chile, wimbo ambao mama wa sokoni anaweza kuuimba, imekuwa ngumu mpaka wapigaji wachache tu duniani ndio wanaoiweza. Je, si kuwanyang'anya watu wimbo wao na kuuweka juu ya kabati wasipofika?

Nimewaza sana juu ya hilo. Najibu hivi. Karatasi za kazi zake nyingi alikubali ziwekwe wazi ili mutu yeyote azichukue bila kulipa, na watungaji wengi hawafanyi hivyo. Mwaka 2015, akiwa na miaka 77, alikwenda kupiga ile kazi ya Chile yote nzima katika soko la samaki la muji wa Pittsburgh, katikati ya barafu na wanunuzi. Muzee wa sifa kama ile, mbele ya samaki! Hapo naona kwamba naye alijua deni lake na alijaribu kulilipa. Kama alilimaliza lote, sisemi. Na vipande vingine, kama ile ya kondoo, hata sisi na filimbi na ngoma na sauti zetu tunaweza kuvijaribu. Vile vingine vigumu vinatuambia kwamba wimbo wa watu wadogo unastahili kazi kubwa kama ile Beethoven aliyowafanyia wakubwa. Nani alisema wimbo wa mama anayetwanga haustahili saa nzima ya kusikilizwa kwa kimya?

Basi sisi tufanye nini? Piano hatuna, tuna kinanda cha kanisa chenye noti mbili zisizolia. Lakini hakuna anayetukataza mambo matatu. Tujifunze solfeji vizuri, hata kama inachosha, kwa kuwa huo njo muzizi. Kila mumoja wetu, akirudi likizo, amuulize bibi yake wimbo mumoja, auandike noti zake katika daftari mbele haujazikwa pamoja naye. Na tusiwacheke wenzetu wanaopenda kitu tusichokijua. Yule aliyecheka mbele ya simu ya mwalimu alipiga mbinja kesho yake. Afadhali basi tungoje kesho mbele ya kucheka.

Yaya yangu wa mwaka wa sita, sikukasirika na maneno yako; yamenifanya nitafute, na kutafuta ni faida. Mimi nasema mashamba sita hayamuangamizi mutu kama muto unaoyanywesha maji ni mumoja. Wewe unasemaje? Wino wa stensili haujaisha. Tunangoja jibu lako katika namba inayokuja.

Mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa mwaka wa tano, muimbaji wa sauti ya tatu katika korali